Mfuko wa Gauni la Mwalimu Chelangat

Mwalimu Chelangat alikuja dukani kwangu Matisi, mtaa wa Kitale, siku ya Jumatano, mwezi wa pili mwaka wa 2009, akiwa na mita nne za kitambaa ndani ya gazeti na simu mkononi. Kitambaa kilikuwa chepesi sana, cha maua madogo ya samawati, ukikiinua mbele ya mwanga unaona mpaka upande wa pili. Lakini simu ndiyo iliyonishangaza. Haikuwa na vibonyezo. Ilikuwa kioo kitupu, naye aliipapasa kwa kidole kimoja na picha zikapita mojamoja.

"Kimaiyo ndiye ameninunulia," alisema.

Kimaiyo ni mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, na Jumamosi ile familia ilikuwa inapeleka mahari Bungoma, nyumbani kwa msichana aliyempata.

"Ati nipige picha za sherehe yote, kwa sababu yeye atakuwa ameketishwa na wazee. Sasa nishonee gauni, Mama Ciru. Lakini jepesi. Jua la Bungoma si kama la huku kwetu."

Nilimpima mabega, kifua na kiuno. Alipokuwa amesimama hivyo mikono ikiwa wazi, akaitazama ile simu.

"Na hii nitaibeba wapi?"

"Si kwa mkoba?"

"Mkoba nitauweka chini nikianza kula, nitausahau."

"Basi kifuani, kama sisi wote."

Akacheka. "Kwa kitambaa hiki? Watu wataona nimeficha kipande cha sabuni. Na jasho je? Ya jirani yangu Cherono iliingia jasho ikazimika kabisa, haijawaka mpaka leo."

Nikamwambia aifunge kwenye pindo la leso. Akasema hataki kushinda ameshika leso, halafu apige picha na mkono gani?

Hapo ndipo nikajisifu. Nilimwambia aniachie mimi. Nitamtilia mfuko wa siri ubavuni, kati ya gauni na bitana, wenye mdomo mdogo kwenye mshono ambao hata mtu akiutafuta hauoni. Nitaushusha mpaka karibu na goti ili simu ikae chini, isichungulie. Mfuko utaning'inia kutoka kiunoni kwa utepe, na gauni litaanguka vizuri kana kwamba hana kitu.

"Wewe!" alisema, akanipiga kofi dogo begani. "Ndiyo maana mimi siendi kwa fundi mwingine."

Na kweli hakuwa na fundi mwingine, wala mimi sikuwa na mteja kama yeye. Mwaka uliotangulia, siku zile za fujo za makabila baada ya uchaguzi, sisi tulikimbilia uwanja wa kanisa na nguo tulizovaa. Mume wangu Gathogo alitaka kurudi kuchukua cherehani, nikamkataza. Chelangat alitoka Kibomet na mkokoteni, akaingia dukani kwangu mwenyewe, akabeba cherehani, mkasi, pasi na vitambaa vya wateja, akaviweka chini ya kitanda chake miezi miwili. Majirani zake walimwuliza anamfichia nani. Hakuwajibu. Niliporudi alinirudishia kila kitu, hata pini.

Gauni nililikata Alhamisi na kulishona Ijumaa mchana. Nilikuwa na kazi nyingine ya sare za kwaya, na ilipofika saa kumi nikawa bado sijamaliza ule mfuko. Kila kipande nilikuwa nimekishikiza kwanza kwa mkono, bandi ndefu za uzi mweupe, halafu ndipo nipitishe cherehani. Nilipitisha upande mmoja wa mfuko, nikazunguka chini, na karibu na kona nikasikia sauti ya mashine imebadilika. Uzi wa bobini, ule wa chini, ulikuwa umeisha. Sindano ilikuwa inatoboa tu, haifungi kitu.

Nilitoa bobini ili niijaze. Wakati huohuo Chelangat akaingia mlangoni, amebeba viatu vipya kwenye mfuko wa karatasi, anahema.

"Mama Ciru, niambie liko tayari. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, na bado sijasuka nywele."

Ningemwambia akae dakika tano. Hilo tu. Lakini kina mama wawili wa kwaya walikuwa wamekaa hapo benchini wakitazama, na nilikuwa nimewasimulia kuhusu ule mfuko tangu asubuhi. Sikutaka waone kwamba sijamaliza. Niliitazama ile kona. Bandi ilikuwa bado imeshika ile nafasi, upana wa vidole vitatu hivi. Nikajiambia itavumilia siku moja, na akirudi nitaimalizia. Nikalipiga gauni pasi, nikalikunja.

Chelangat alilijaribu nyuma ya pazia, akatumbukiza simu, akatoka akizungukazunguka. Kina mama wa kwaya walipiga makofi. Hawakuona simu iko wapi.

"Haitatoka?" aliuliza.

"Hapo hata uruke kamba," nilimwambia.

Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu.

Alirudi Jumatatu baada ya masomo. Nilimwona kutoka mbali jinsi alivyokuwa akitembea, nikajua kuna jambo. Aliingia bila salamu, akatupa gauni juu ya meza.

"Nimeibiwa."

Dukani tulikuwa wanne. Wote tuliacha tulichokuwa tukifanya.

Akasimulia. Sherehe ilikuwa nzuri, alisema, watu wema, nyama tele. Alipiga picha za kupokelewa, za wazee, za ng'ombe kule zizini. Aliporudi kutoka zizini waliwekewa chakula chini ya turubai. Baada ya kula, mwanamke mmoja alipita na jagi na beseni akiwanawisha wageni mikono. Jina lake Nasambu, mjane, jirani wa hapo, ndiye aliyesimamia jikoni siku hiyo. Alipofika kwa Chelangat alipiga magoti ubavuni pake, upande uleule wa mfuko, na Chelangat akasikia kiwiko chake kikimgusa pajani. Punde wazee wakasimama kupeana mikono. Chelangat akatumbukiza mkono atoe simu apige picha. Hakuna simu.

"Nikajua papo hapo," alisema. "Nani mwingine alikuwa karibu na mimi hivyo? Na mfuko ule mtu haujui, labda akuguse. Alipapasa akausikia."

"Ukafanya nini?" mama mmoja akauliza.

"Nikasema. Ningenyamaza? Nilisimama nikasema mbele ya wote, huyu mama amechukua simu yangu. Kimaiyo ananivuta mkono ati niache, tutaaibishana na wakwe. Nikakataa. Mama mwenye boma, Khalayi, akaona aibu ya wageni, akaita wanawake wawili wakamwingiza huyo Nasambu ndani wakampekua. Walimvua kila kitu mpaka kitambaa cha kichwa. Hawakupata."

"Basi hakuwa yeye."

"Alishampa mwenzake! Hawa hawafanyi kazi peke yao. Mungesikia vile alikuwa analia." Hapo Chelangat akabana sauti akamwiga na lafudhi yake ya Kibukusu. "'Mimi si mwisi, mama. Sijakusa simu ya mutu, naapa na watoto wangu.' Na mikono inatetemeka hivi, jagi lilimwanguka. Mtu hajaiba anatetemekea nini?"

Wanawake walicheka kwa vile alivyoiga. Mimi pia nilicheka. Nataka niliseme hilo wazi, kwa sababu baadaye ndilo lililonirudia mara nyingi, kwamba nilicheka.

Alikuwa ameleta gauni kwa sababu pindo lilikuwa limechanika kwenye msumari wa benchi. Aliniachia, akaenda zake akiwa bado anachemka. Jioni, wengine walipokwisha kuondoka, niligeuza gauni ndani nje ili nishone lile pindo.

Bandi ilikuwa imefumuka. Uzi mweupe ulining'inia, na kona ya mfuko ilikuwa wazi. Niliingiza vidole vyangu vitatu vikatokea upande wa pili. Mfuko ule niliushusha sana hivi kwamba mtu aliyelivaa gauni huisukuma simu juu kwa mkono wa nje ndipo aishike, vidole vyake havifiki kwenye kona. Ndiyo maana alipotumbukiza mkono hakugusa ile nafasi. Na kati ya gauni na bitana hakuna kinachozuia kitu. Simu ilipita hapo ikaanguka chini, kwenye nyasi, labda kule zizini watu wakiimba, kabla Nasambu hajabeba hata lile jagi.

Niliketi. Nilisikia joto limenipanda shingoni mpaka masikioni kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya watu, na humo dukani hakukuwa na mtu.

Nilichofanya baada ya hapo ni hiki. Nilijaza bobini. Nikatoa ule uzi mweupe, nikautupa kwenye jiko la pasi. Nikashona ile kona mara mbili, kwenda na kurudi, kwa uzi wa rangi ileile. Nilipomaliza, hata fundi mwenzangu asingejua kama iliwahi kuwa wazi. Ilikuwa kazi safi.

Chelangat alikuja kulichukua Jumatano. Akaingiza mkono mfukoni, akauvutavuta. "Ona vile mfuko uko imara," alimwambia mwalimu mwenzake aliyefuatana naye. "Fundi wangu hakunikosea. Ni yule mwanamke tu."

Nilijifanya natafuta mkasi chini ya meza.

Nilimwambia Gathogo asubuhi moja tukinywa chai kabla hajaenda sokoni. Gathogo ni mtu wa mahindi, ananunua kwa wakulima na kuuza mjini, na ana tabia ya kulipima kila jambo.

"Ukisema, simu itarudi?" aliniuliza.

"Haitarudi."

"Yule mama alifungwa?"

"Hapana."

"Basi. Na Chelangat ukimwambia, atakuangalia vipi? Mtu aliyetufichia mali yetu wakati watu wengine walikuwa wanatuchomea?" Aliweka kikombe chini, akaniita jina langu la kuzaliwa. "Wacha, Nyaruai. Mambo ya Bungoma yatapoa huko Bungoma."

Nikaacha. Siku zikapita, wiki zikapita. Lakini kila mteja aliponiambia asante nilisikia vibaya. Kanisani tulipofika mahali pa kukiri dhambi nilisema maneno pamoja na wengine, na ule mfuko sikuutaja. Nilianza kurudia kazi. Sketi ya mtoto naishona kona moja mara nne, nafumua, nashona tena. Ciru, binti yangu, aliniuliza kama macho yameanza kunisumbua.

Wiki ya tano Chelangat alipita kuniletea blauzi. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na furaha kidogo, ya mtu aliyethibitishiwa jambo.

"Umesikia? Yule Nasambu wamemwachisha kazi. Alikuwa anapika kwa shule fulani ya chekechea huko. Wazazi walikataa, wakasema mwizi hawezi kukaa na chakula cha watoto. Na chama cha kina mama wamemtoa. Kimaiyo amesikia kwa mkewe."

"Wamemtoa?"

"Si ni lazima? Wewe ungekaa na yeye?"

Aliponiachia blauzi na kuondoka, nilifunga duka. Ilikuwa saa nne asubuhi, na kina mama wa soko waliniuliza kama kuna msiba.

Nilikwenda Bungoma kesho yake. Gathogo nilimwambia naenda kutafuta vitambaa. Joto la huko lilinikuta nikiwa nimevaa sweta ya Kitale, nikaivua nikaifunga kiunoni. Boma la Khalayi halikuwa gumu kupata, kila mtu alikuwa anaikumbuka sherehe, lakini sikuingia hapo. Niliuliza nyumba ya Nasambu. Msichana aliyenionyesha aliniangalia mara mbili, akaninong'oneza, "Yule wa simu?"

Nasambu alikuwa kando ya njia na panga, anakata nyasi. Nilidhani ni kibarua cha mtu. Mwanamke mwembamba, wa umri kama wangu, mwenye mwanya mbele. Nilimsalimu kwa Kibukusu kibovu, "Mulembe," naye akacheka kidogo akaitikia, akanikaribisha nyumbani kwake, akanitolea kiti, akasimama.

"Mumetoka wapi, mama?"

"Kitale. Mimi ni fundi wa nguo."

"Ee. Na hapa munatafuta nani?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Lakini alikuwa anatabasamu, ameshika kikombe cha maji anipe, na mimi nikasema kitu kingine kabisa.

"Natafuta wateja. Nimeanza kushona kwa bei ya chini, nazunguka. Nikuanzie wewe, gauni moja, bure, watu waone kazi yangu."

Alinitazama kwa mashaka, kisha akatazama rinda lake lililofifia. "Bure?"

"Bure."

Nilitoa utepe wangu wa kupimia mkobani. Nikamwambia asimame wima, anyooshe mikono. Akanyoosha. Nilipomkaribia na kupitisha utepe kifuani, mwili wake wote ulikakamaa, akafumba macho. Nikaona ngozi ya mikono yake imesimama vinyweleo, katika jua lile.

Akajaribu kufanya mzaha. "Taratibu, mama. Hata wewe usinipekue."

Utepe ulinitoka mkononi. Nilipiga magoti niuokote. Nikamwambia nikiwa hapohapo chini, nikitazama vidole vya miguu yake vyenye vumbi.

"Mimi ndiye nilishona lile gauni la mwalimu. Mfuko haukuwa umeshonwa kona. Simu ilianguka yenyewe. Niliona siku ya tatu, nikashona nikanyamaza."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nayataka, kusema kweli. Nilisikia kuku wakichakura nyuma ya nyumba. Mwishowe akavuta kiti chake, akaketi, nasi tukawa sawa kwa kimo.

"Ilianguka wapi?" aliuliza.

"Sijui. Labda alipotoka zizini."

"Kule nimetafuta." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida. "Nimetafuta kila mahali. Mimi nilijua sikuchukua, kwa hivyo nilijua imeanguka. Kila asubuhi naamka nakata nyasi za ile njia ya kutoka zizini. Watu wanafikiri nimepata wazimu. Leo pia umenikuta hapo, si umeona?"

"Nimeona."

"Basi."

"Nisamehe, mama," nilisema. "Nimekuja kukuambia kwamba najua hukuiba."

Ndipo akakasirika. Hakupaza sauti.

"Mimi najua sikuiba. Hujaniletea habari. Umetoka Kitale yote kuja kuniambia kitu ambacho najua? Wale walionivua nguo ndio hawajui. Khalayi ndiye hajui. Mwenye shule hajui. Huyo mwalimu wako hajui. Nenda uwaambie hao. Halafu uje hapa uniombe msamaha, tuone."

Nilisimama. Nikamuuliza kama nimalize kumpima.

"Gauni lako sitaki," alisema.

Niliteremka mpaka barabarani nikiwa nimesahau utepe wangu kwake.

Chelangat nilimkuta kwake Kibomet kesho yake jioni, anasahihisha madaftari. Alinikaribisha kwa shangwe, akaanza kuniwekea chai. Nilimwomba asiweke. Nikamwambia yote, kuanzia bobini, kina mama wa kwaya, bandi, mpaka uzi niliochoma. Alisikiliza akiwa amesimama, birika mkononi.

"Ngoja," alisema. "Nilipokuja kuchukua gauni, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na nikasimama pale nikamwambia mwalimu mwenzangu ni yule mwanamke."

"Ndiyo."

"Na juzi nikakuambia wamemfukuza kazi. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Aliweka birika chini taratibu sana. "Simu ni simu tu, Mama Ciru. Ungeniambia siku ile imeanguka, ningelia kidogo, ningekutukana, tungemaliza. Lakini umeniacha nitembee na uongo wiki tano. Nimemsema huyo mama hapa mtaani, nimemsema shuleni, nimemwiga watu wakacheka. Na wewe unanitazama tu."

Nilimwambia kwamba Jumamosi nataka kwenda kwa Khalayi kusema mbele ya watu walewale, na kwamba kama hataki kufuatana nami nitakwenda peke yangu.

"Wewe ulishona," alisema. "Lakini kusema nilisema mimi. Nitaenda."

Kisha akanifungulia mlango. Hakunisindikiza.

Kimaiyo ndiye aliyewapigia wakwe, nao wakawaita wanawake wa siku ile. Tulikuta kama kumi na watano wamekaa ukumbini kwa Khalayi, na mama mwenye ile shule ya chekechea kati yao. Nasambu alikuwa mwisho karibu na mlango, amejifunga leso mabegani. Chelangat alikuwa amekuja na gauni mkobani. Nililigeuza ndani nje mbele yao. Ile kona nilikuwa nimeifumua njiani ndani ya gari kama ilivyokuwa, nikaingiza vidole vitatu wote waone vinavyotokea. Nikaeleza. Niliwaambia pia kwamba nilishona ile kona kuficha, kwamba nilikaa wiki tano, kwamba siku nilipohadithiwa jinsi mama huyu alivyolia, nilicheka.

Chelangat akasimama baada yangu. Mwalimu yule, ambaye nimemsikia akihutubia wazazi mia mbili bila karatasi, alisema maneno machache tu. "Nilimwita mwizi na sikuwa nimeona kitu. Nasambu, nisamehe."

Wale wanawake wawili waliompekua walikuwa wamekaa pamoja, na mmoja alikuwa amejifunika uso kwa leso. Khalayi alisema kwamba kosa ni la boma lake, maana ndiye aliyeamuru, na mtu akikosewa katika boma lako umemkosea wewe. Akamwuliza Nasambu anataka kusema nini.

Nasambu alisimama. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Nataka mwenye shule aseme kama kazi yangu iko," alisema.

Mwenye shule akasema iko, aje hata Jumatatu.

"Na chama?"

Wanawake wakaitikia kwa pamoja kwamba arudi, arudi, nani alimtoa.

"Munajua nani alinitoa," Nasambu alisema. Kisha akatugeukia mimi na Chelangat. "Nyinyi nimewasikia. Moyo wangu bado. Labda utakuja, labda hautakuja, siwezi kuwadanganya." Akamwambia Khalayi kwamba ana ng'ombe wa kukamua, akatoka kabla chai haijaletwa.

Sisi tulibaki tukanywa ile chai, kwa sababu kuikataa kungekuwa kosa jingine. Hakuna aliyezungumza nasi sana.

Tuliporudi barabarani kungojea gari, tulisimama kila mtu upande wake wa kivuli kidogo cha kibanda. Kulikuwa na wingu upande wa Mlima Elgon, na upepo wa mvua ya kwanza. Chelangat alikuwa ameubana mkoba kifuani.

"Mikono yake ilikuwa inatetemeka siku ile," alisema bila kunitazama. "Niliwaambia watu ni kwa sababu ameiba. Leo mimi ndiye nilikuwa natetemeka. Umeniona?"

"Nimekuona."

Gari likaja, akaketi mbele, mimi nyuma, mpaka Kitale.

Hakuniletea kazi mwaka mzima. Nilimwona kanisani na barabarani, tukasalimiana, naye alivaa nguo za fundi mwingine, zilizomkaa vibaya mabegani. Simu haikupatikana. Pengine mtu aliiokota siku ileile akanyamaza, kama mimi. Nasambu alirudi jikoni kwa chekechea, hilo nililisikia kwa Kimaiyo. Kuhusu moyo wake sijasikia, na sina mdomo wa kuuliza.